Pointi 18 za Kayole na profesa wa Milwaukee

Nilipotea kidogo, kazi ilinibana. Leo tuache mambo ya seva, tuongee chesi.

Mwaka 2023 nilicheza na jamaa wa Umoja kwenye mashindano ya wikendi hapa Eastlands. Yeye alikuwa na pointi 1500 za FIDE, shirikisho la dunia, mimi 1100. Akajisahau, farasi wangu akala malkia wake, akasalimu amri. Nilirudi Kayole nikicheka peke yangu ndani ya matatu. Karibu pointi 18!

Hesabu hiyo ina mwenyewe: Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha fizikia Chuo Kikuu cha Marquette, Milwaukee. Marekani ilianza kuitumia 1960, FIDE 1970. Wazo lenyewe ni kwamba tofauti ya pointi inatabiri matokeo. Ukimzidi mtu kwa 400, unatarajiwa kuvuna 0.92 kwa kila mchezo. Mnyonge akishinda anapata hiyo 0.92 mara 20 (kwa wachezaji wa kawaida kama sisi). Mistari mitano ya programu inatosha, nimejaribu.

Shida ilikuwa mlango. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, orodha ya wanaume ilianzia 2200. Mchezo wetu ungechezwa 1985 ungeishia kwenye daftari la klabu, basi. Mlango ulishushwa polepole hadi 1000 mwaka 2012, ndipo watu wa mitaa yetu tukaonekana kwenye orodha moja na kina Carlsen. Chini kabisa, lakini tumo!

Machi 2024 ukapandishwa tena, 1400. Vijana wanaojifunza haraka walikuwa wakiingia na pointi ndogo na kuwanyang'anya wengine, namba za chini zikaporomoka. Kila aliye chini ya 2000 akaongezwa asilimia 40 ya pengo lake: wa 1100 akawa 1460, wa 1500 akawa 1700. Pengo la 400 limebaki 240, ushindi kama wangu sasa ni pointi 16.

Kihesabu nawaunga mkono. Lakini mdogo wangu ameanza mwaka huu. Kacheza na watu sita wenye pointi, sare moja, kafungwa tano, na hesabu ikatoka chini ya 1400. Juzi kaniomba nimtafutie jina lake kwenye orodha. Nimetafuta mara mbili, hayupo.