Kufunga Kizazi: Je, Kilichofungwa Hufunguliwa?

(Muziki wa kipindi. Unashushwa taratibu.)

  Ukimaliza kuisoma nakala hii, mpe jirani.

Kipindi cha leo kimezaliwa bombani. Nilikuwa nasubiri zamu yangu ya maji, mama mmoja akanivuta pembeni. Akaniambia, "Binti, nyinyi wa redio mnaongea na madaktari. Niulizie hili. Mtu aliyefungwa kizazi anaweza kufunguliwa?"

Nikamuuliza, "Mama, ni wewe?"

Akasema, "Ni mimi. Nilifungwa siku ileile niliyopasuliwa kumtoa mtoto wa nne, huko nyumbani. Niliona wanne wananitosha. Sasa nimebaki na mmoja."

Hakusema zaidi na mimi sikumchimba. Ameniruhusu nitangaze swali lake, bila jina, bila zoni na bila kijiji. Nilidhani jibu litakuwa ndiyo au hapana. Nilipouliza na kusoma, nikakuta swali la mama huyu lina historia ya zaidi ya miaka mia moja, na ndani yake wamo wanawake wengi waliopoteza watoto kama yeye.

Tuanze na mwili wenyewe. Kila mwanamke huzaliwa na mirija miwili ya uzazi, mmoja kulia na mmoja kushoto. Kila mrija una urefu wa sentimita kama 10 hadi 12, na yai hupita humo kutoka kwenye kifuko cha mayai kwenda kwenye mfuko wa uzazi. Mwaka 1561 daktari mmoja wa Italia, Gabriele Falloppio, aliieleza mirija hiyo katika kitabu chake. Aliifananisha na tarumbeta, kwa sababu upande mmoja ni mwembamba na upande wa pili umefunguka kama mdomo wa tarumbeta. Ndiyo maana mpaka leo madaktari huiita mirija ya falopio. Ule upande mwembamba, njia yake ya ndani ina upana wa milimita moja hivi. Kumbuka kipimo hicho, tutakirudia.

Kufunga kulianza lini? Mwaka 1880, katika mji wa Toledo, jimbo la Ohio, Marekani, daktari Samuel Lungren alimfanyia mama mmoja upasuaji wa kumtoa mtoto. Ulikuwa upasuaji wa pili kwa mama huyo, na siku zile upasuaji wa namna hiyo uliua wengi. Ili asije akashika mimba nyingine ya hatari, daktari alifunga mirija yake kwa uzi wa hariri. Kwa hiyo kazi hii ilianza kama njia ya kuokoa maisha.

Baadaye madaktari waliona kwamba uzi peke yake hautoshi. Mrija ulikuwa unafunguka wenyewe na mimba inaingia. Wakaanza kukata. Ralph Pomeroy wa New York alikuwa akiuinua mrija kama kitanzi, anaufunga kwa uzi unaoyeyuka, kisha anakikata kitanzi chenyewe. Uzi ukishayeyuka, vipande viwili vinaachana na kila kimoja kinajiziba. Njia yake iliandikwa mwaka 1930, yeye akiwa ameshafariki, na bado inatumika sehemu nyingi za dunia, zikiwemo nchi tulizotoka. Miaka ya 1970 zikaenea njia nyingine: kuubana mrija kwa pete ndogo au kwa kibanio, au kuuchoma kwa umeme.

Hapa, msikilizaji, lugha yetu inatupotosha kidogo. Tunasema "kufunga", na mtu akisikia kufunga anafikiria kamba au mlango. Kamba iliyofungwa hufunguliwa, na mlango una ufunguo. Kumbe mara nyingi mrija haujafungwa hivyo. Umekatwa, na kipande kimeondolewa.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuje kwenye kufungua. Kuufungua mrija ni kukata ile sehemu iliyoziba pande zote mbili, kisha kushona ncha mbili zilizo nzima ziungane tena. Madaktari walijaribu zamani kwa macho matupu na nyuzi za kawaida. Wengi walishindwa. Turudi kwenye kile kipimo: njia ya milimita moja. Ukiishona kwa uzi mnene kovu litaiziba upya.

Msaada ulitoka kwa madaktari wa masikio. Mwaka 1921 huko Sweden, daktari Carl-Olof Nylén alitumia hadubini kufanya upasuaji wa sikio. Mwaka 1960 daktari Julius Jacobson, huko Vermont, Marekani, akaonyesha kwamba chini ya hadubini mishipa midogo ya damu inaweza kushonwa na damu ikapita. Kisha Kurt Swolin wa Gothenburg, Sweden, akaipeleka hadubini kwenye mirija ya uzazi, na mwaka 1967 akaandika kuhusu kazi hiyo. Miaka ya 1970 Robert Winston wa London na Victor Gomel wa Vancouver, Kanada, waliiendeleza. Mwaka 1977 wote wawili walichapisha taarifa za wanawake waliofunguliwa kwa njia hii. Walitumia nyuzi nyembamba kuliko unywele, waligusa nyama ya mwili kwa upole, na waliimwagia maji wakati wote isikauke. Wengi kati ya wanawake wao walishika mimba. Tangu hapo dunia ikajua kwamba kufungua kunawezekana.

Lakini kunawezekana kwa nani na wapi? Twende India.

Huko, kwa miaka mingi, kumfunga mwanamke ndiyo njia ya uzazi wa mpango inayotumika kuliko zote. Zaidi ya theluthi moja ya wanawake walioolewa wamefungwa. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lilitokea chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia, na mawimbi ya tsunami yakapiga pwani nyingi. Mawimbi hayohayo yalifika mpaka Somalia, Kenya na Tanzania. Katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, wilaya ya Nagapattinam ilipoteza watu zaidi ya 6,000. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Vijiji vya wavuvi viko ufukweni kabisa, na watoto wengi walikuwa hapohapo karibu na maji.

Maji yalipoondoka, walibaki akina mama ambao juzi walikuwa na watoto wawili au watatu, na sasa hawana hata mmoja. Wengi walikuwa wameshafungwa, kwa sababu waliona wamemaliza kuzaa. Wakauliza swali lilelile la mama wa bombani. Serikali ya jimbo ikatangaza kwamba aliyepoteza watoto na anayetaka kufunguliwa atafanyiwa operesheni bila malipo. Wanawake walijitokeza. Baadhi walizaa tena. Wengine walifanyiwa operesheni, wakasubiri, na mimba haikuja. Miaka michache baadaye, mwaka 2008, baada ya tetemeko la Sichuan, China nayo ilipeleka madaktari kuwasaidia wazazi waliokuwa wamefungwa na kupoteza mtoto wao wa pekee.

Nimewaeleza haya ili mama yule, na wengine wenye swali kama lake, wajue kwamba si aibu kuuliza. Serikali nzima ziliwahi kulijibu swali hilo.

Wapo pia wanawake waliofungwa bila kuamua. Nchini Peru, kati ya mwaka 1996 na 2000, chini ya Rais Alberto Fujimori, zaidi ya wanawake 270,000 walifungwa. Wengi walikuwa maskini wa milimani wanaozungumza Kikechua, na maelfu walisema baadaye kwamba walilazimishwa au hawakuelezwa kwa lugha wanayoielewa. Nchini Namibia wanawake watatu wenye virusi vya UKIMWI walikwenda mahakamani, wakisema walisainishwa karatasi bila kuelewa, wakiwa katika uchungu wa kuzaa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliwapa haki: mtu aliye katika hali ile hawezi kusemwa ameamua. Desemba 2022 Mahakama Kuu ya Kenya nayo iliwapa haki wanawake wenye virusi waliofungwa bila ridhaa ya kweli. Mahakama zinaweza kuamuru fidia. Mrija haushonwi na mahakama.

(Muziki mfupi.)

Sasa nimjibu mama yangu, na wewe mwenye swali kama lake.

Kwanza, inategemea ulifungwa namna gani. Aliyebanwa kwa pete au kibanio ana nafasi nzuri zaidi, kwa sababu sehemu iliyoharibika ni ndogo. Aliyechomwa kwa umeme sehemu ndefu ana nafasi ndogo. Aliyeondolewa mirija yote hawezi kufunguliwa, kwani hakuna cha kushona. Kama una kadi au karatasi ya hospitali, itunze, hata kama imechakaa. Daktari ataitafuta humo.

Pili, umri. Kwa wanawake wenye umri mdogo na mirija iliyobaki mirefu, hospitali zenye wataalamu hupata zaidi ya nusu yao wakishika mimba. Baada ya miaka 40 nafasi hupungua sana. Na kabla ya operesheni baba naye apimwe mbegu, maana tatizo linaweza kuwa upande wake.

Tatu, ukweli mchungu. Operesheni hii inataka hadubini, mtaalamu na fedha nyingi. Haifanyiki katika zahanati zetu za kambini. Njia nyingine ni kuchanganya yai na mbegu maabara, kisha kurudisha mimba kwenye mfuko wa uzazi, kama alivyopatikana Louise Brown wa Uingereza mwaka 1978, ambaye mama yake mirija iliziba. Nayo ni ya gharama kubwa. Mtu akikuambia ana dawa ya kunywa au ya kukanda inayofungua mirija iliyokatwa, mwache. Nyama iliyokatwa haiungwi na mizizi, na pesa yako haitarudi.

Nne, na hili naomba ulikumbuke hata ukisahau mengine yote. Mwanamke aliyefungwa, au aliyefungwa kisha akafunguliwa, akishika mimba, mimba hiyo inaweza kukaa kwenye mrija badala ya mfuko wa uzazi. Mrija ukipasuka anavuja damu ndani. Hedhi ikikosa kuja, kisha ukapata maumivu makali tumboni upande mmoja, damu kidogo ukeni, kizunguzungu au maumivu ya bega, usilale nayo. Nenda kituo cha afya hata kama ni usiku, na useme, "Mimi nilifungwa kizazi."

Na wewe ambaye bado hujafungwa, unayefikiria au unayeshauriwa? Kufunga ni njia nzuri kwa aliyeamua mwenyewe, na imewapumzisha akina mama wengi. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuata wanawake kwa miaka 14 ulikuta kwamba waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini, kama mmoja kati ya watano alikuja kujuta. Kwa waliofungwa baada ya miaka 30, walikuwa kama 6 tu kati ya 100. Kwa hiyo uliza kabla, ukiwa na akili tulivu, si wakati wa uchungu. Uliza kama kuna njia ya muda mrefu inayoondolewa, kama kijiti au kitanzi. Omba mkalimani kama lugha ya daktari si yako. Usisaini karatasi usiyosomewa. Una haki ya kukataa, na kukataa hakutakunyima matibabu mengine wala mgao.

Nilirudi kwa mama yule na majibu haya kabla ya kuyasoma hewani, maana niliona si vizuri ayasikie pamoja na watu wote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Karatasi yangu ilibaki nyumbani." Tulikaa kimya kidogo. Halafu akaniuliza siku ambayo daktari wa akina mama anakuja zahanati, nami nikamwambia kwamba mkunga atampangia. Akasema atakwenda, angalau ajue.

Kama una swali, liandike ulilete studio, au mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako. Hatutataja jina. 

(Muziki wa kufunga.)