Siku Ndogo za Nyumba Kubwa

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Waandishi wengi wa historia ya pwani yetu wamesimama mlangoni. Wametuhesabia merikebu zilizotia nanga, mikataba iliyotiwa sahihi, mizinga iliyopigwa na wafalme waliorithiana. Na kazi yao ni ya haki, maana bila ya hayo tusingeujua wakati ambao habari zake tunazisimulia. Lakini mtu hazaliwi ndani ya mkataba. Huzaliwa chumbani, mikononi mwa mkunga. Hunyolewa, huketi, huota meno, husimama dede, hupelekwa chuoni. Na katika hatua hizo ndogo hufundishwa yeye ni nani na mwenziwe ni nani. Katika insha hii nataka tuingie ndani ya nyumba moja iliyojulikana sana, tuziangalie siku zake ndogo, tuone zitatuambia nini ambacho mizinga haikutuambia.

Nyumba yenyewe ni Beit el-Mtoni, iliyojengwa ufukoni mwa Unguja, kaskazini ya mji, mahali ambapo kijito kinaingia baharini. Hapo ndipo alipokaa Sayyid Said bin Sultan, yeye aliyekihamisha kiti cha dola yake kutoka Maskati na kukiweka katika kisiwa cha karafuu. Magofu yake yamebaki. Uhai wake wa ndani umebaki zaidi katika kitabu cha mmoja wa binti zake, Bibi Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844. Alitoka Unguja kwa siri mwaka 1866, akaolewa Aden mwaka uliofuata na mfanya biashara Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, akafiwa na mumewe katika mji wa Hamburg mwaka 1870. Watoto wake watatu walikuwa wakikua katika nchi ya theluji bila kujua nyumba ya mama yao ilikuwa ya namna gani. Kwa ajili yao alianza kuandika kumbukumbu zake, na mwaka 1886 zikapigwa chapa Berlin kwa lugha ya Kijerumani.

Jambo hili tulikumbuke tangu mwanzo. Yeye hakukusudia kutunga tarikh ya dola, bali kuwapa watoto wake habari za bibi, za wajomba na za ua ambao hawakupata kuchezea. Kwa sababu hiyo aliyaandika mambo ambayo mwandishi wa serikali asingeyaona kuwa yastahili wino.

Anasema kwamba watu wa Beit el-Mtoni walipata kama elfu moja. Katika ua wake mpana walitembea tausi, swala, kanga, mabata na mbuni; na watoto, ambao hawakosi adui, walikuwa na uhasama na tausi mmoja mkali, wakamvizia siku moja na kumnyonyoa manyoya ya mkia. Upande wa bahari ilikuwako roshani kubwa ya mviringo, na Sayyid Said alikuwa akitembea humo huku na huku, kichwa amekiinamisha, akichechemea kidogo kwa jeraha la risasi ya zamani. Watoto wa kiume na wa kike walifundishwa kupanda wanyama tangu wangali wadogo, na walimu wao walikuwa matowashi. Lugha zilizosikika zilikuwa nyingi: Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi na Kinubi. Mbele ya bwana sheria ilikuwa kusema Kiarabu tu. Alipogeuka kwenda zake, kila mtu alirudi katika lugha ya mama yake.

Katika msongamano huo mtoto mmoja angeweza kupotea kama punje katika pishi ya mtama. Lakini mtoto wa bwana hakupotea, kwa sababu kila hatua yake ilikuwa na siku yake. Akiwa wa kike, siku ya saba masikio yake yalitobolewa kwa sindano na uzi wa hariri nyekundu. Kwa muda wa siku arobaini alifungwa nguo mwili mzima, mikono imenyooshwa ubavuni, ili viungo vyake viwe vya sawa. Wala hakuonwa na watu ila wazazi, watumishi na rafiki wa karibu. Siku ya arobaini alikuja mkubwa wa matowashi kumnyoa nywele za tumboni. Nywele hizo hazikutupwa ovyo wala kuchomwa moto. Zilifukiwa, au zilitiwa baharini, au zilifichwa katika ufa wa ukuta. Baada ya hapo mtoto alifunguliwa nguo, akavikwa mapambo, akaonyeshwa kwa watu.

Siku nyingine iliyokuwa ya furaha kuliko hiyo ni siku mtoto alipoweza kuketi peke yake bila kutegemezwa. Ni jambo dogo lililoje! Kila mwana wa Adamu huketi siku moja, asiandikwe popote. Lakini katika nyumba ile waliitana ndugu na majirani. Mtoto akapambwa na kuketishwa katika kigari kidogo. Kisha bisi za mahindi zilizochanganywa na sarafu ndogo za fedha zikamwagwa kichwani pake, na watoto wote wakarukia kugombania. Msomaji aliyepata kuona watoto wakigombania peremende katika shughuli ya nyumbani kwao hana haja ya kuelezwa zaidi. Kicheko kile tunakijua.

Mambo haya hayakuwa ya jumba la kifalme peke yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin, ndiye mwandishi mkuu wa kitabu cha desturi za Waswahili ambacho Carl Velten alikitoa Göttingen mwaka 1903. Mtoro naye anaanzia katika mimba na kuzaliwa, akamchukua mtoto hatua kwa hatua, arobaini, chuo, jando, unyago na harusi, mpaka kumfikisha kaburini. Mmoja alikuwa binti wa Sultani, mwingine mwanachuoni wa mrima. Mmoja aliandika Kijerumani, mwingine Kiswahili. Na vitabu vyote viwili vilipigwa chapa Ujerumani, mbali na nyumba vinazozitaja. Nadhani umbali ulikuwa na kazi yake. Aliye ndani ya nyumba haoni haja ya kueleza kwa nini nywele za mtoto zafukiwa. Aliye mbali huulizwa, na akijibu, ndipo mwenyewe atambuapo kwamba alikuwa na elimu.

Hata hapa tumeona upande mmoja wa nyumba. Tufungue sasa chumba kingine. Mama yake Salme aliitwa Jilfidan, Mcherkesi. Wazazi wake waliuawa katika vita, na yeye pamoja na nduguze wakachukuliwa na kutawanywa. Aliingia katika nyumba ya Sayyid Said angali mtoto. Alikuwa na umri gani? Hapakuwa na mtu wa kuulizwa wala daftari la kutazamwa. Binti yake anakisia kwamba alikuwa na miaka saba au minane, na ushahidi alio nao ni mmoja: jino la kwanza la utoto la mama yake ling'okea katika nyumba ile.

Hebu tulitafakari jino hili. Kwetu mtoto akingʼoka jino hulitupa juu ya paa na kuomba jipya. Kuna anayemcheka pengo lake, kuna anayemtuliza. Jino la Jilfidan halikutajwa kwa sababu ya sherehe. Lilitajwa kwa sababu ndilo tarehe pekee ya utoto wake. Mama yake aliyekijua cheti chake cha kuzaliwa kwa moyo alikuwa ameuawa. Waliompokea hawakujua siku aliyoketi wala siku aliyosimama dede. Hii ndiyo maana moja ya utumwa ambayo hesabu za soko hazielezi: kumchukua mtu ni kumchukua pamoja na siku zake ndogo, na kuziacha bila mtu wa kuzikumbuka. Jilfidan alipata heshima baadaye, kwa kuwa alimzalia bwana mtoto. Naye alikuwa amelelewa pamoja na mabinti wa nyumba, akajifunza kusoma. Lakini hata hivyo, chakula cha bwana kilipoandaliwa, watoto wake waliketi pamoja naye na masuria waliowazaa hawakuketi. Binti alikula na baba, mama akala kwingine. Hayo nayo yalikuwa mafundisho ya kila siku, na hayakuhitaji mwalimu.

Na kama habari za suria aliyependwa ni haba hivyo, tuseme nini juu ya waliochota maji, waliokaanga bisi, waliokibeba kitoto kigarini, waliofagia ua baada ya wageni kuondoka? Wao nao walizaa, na watoto wao waliketi siku moja pasipo kushikwa. Katika watu elfu wa nyumba ile, waliopewa siku yao katika kitabu ni wachache. Bibi Salme mwenyewe hakuliona hilo kuwa ila. Katika kitabu chake aliutetea utumwa wa kwao mbele ya Wazungu, na msomaji wa leo hapaswi kulificha. Mtu aweza kuwa shahidi mwaminifu wa alichokiona, na kipofu wa kilichombeba. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Sheria ya mwaka 1897 ikaondoa haki ya bwana juu ya mtumwa mbele ya mahakama, lakini masuria wakaachwa katika hali yao mpaka mwaka 1909. Chumba kile cha ndani kilikuwa cha mwisho kufunguliwa.

Iko hatua moja zaidi, nayo ni ya Salme mwenyewe. Watoto wa nyumba ile walisomeshwa Kurani na mwalimu wa kike, wameketi mkekani, na fimbo haikuwa mbali. Wavulana walifundishwa kusoma na kuandika. Wasichana walifundishwa kusoma tu. Kuandika hakukuwa jambo la kumpasa binti. Salme hakuridhika. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi, akafungua msahafu, akaanza kuiga herufi moja moja kwa siri. Baadaye akamtafuta mtumwa mmoja mwenye elimu amtengenezee mwandiko. Ilipojulikana, alilaumiwa. Hakumwagiwa bisi wala fedha kichwani. Katika hatua zote alizopita kutoka nyuzi nyekundu za masikio hadi urithi aliopewa akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, baba yake alipofariki baharini mwaka 1856, hii ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, nayo haikuwa na sherehe.

Matokeo yake yalikuwa machungu kwanza. Mwaka 1859, Barghash alipoinuka dhidi ya ndugu yake Majid aliyekuwa akitawala, waliomfuata Barghash walihitaji mtu wa kuandika barua zao, wakampata msichana wa miaka kumi na mitano. Majid, ambaye mkono wa Salme ulimwandikia uasi, ndiye kaka aliyekaa naye katika utoto. Fitina ile ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na nyumba haikurudi tena kama ilivyokuwa. Lakini mkono ule ule ndio uliokuja kutuandikia habari za tausi, za kigari, na za jino la Jilfidan. Kama angaliutii mpaka aliowekewa, sisi leo tungalijua idadi ya mizinga ya Sayyid Said, tusijue kwamba mtoto wake alipoketi watu walifurahi.

Mwaka 1885, baada ya miaka kumi na tisa, Bibi Salme aliiona Unguja tena. Barghash, aliyekuwa Sultani wakati ule, hakukubali kuonana naye. Alikwenda Beit el-Mtoni akaikuta imekwisha kuwa gofu. Paa limeanguka, ngazi zimebomoka, majani yameota palipokuwa pa watu. Nyumba ya watu elfu ilikuwa imehamia katika kumbukumbu ya mwanamke mmoja, na baada ya mwaka mmoja ikahamia katika kitabu.

Kwa wanafunzi wa historia nina neno hili la kuagana. Nyaraka za serikali zimehifadhiwa, na watakaozisoma hawatakosekana. Siku ndogo za nyumba hazina mhifadhi ila wale waliozishuhudia, na hao huondoka mmoja mmoja. Basi tunapoandika habari za nyumba yoyote, iwe ya Sultani au ya mvuvi, tuulize kwanza ni siku zipi zilisherehekewa. Kisha tuulize ni za nani hazikusherehekewa, na nani aliyekaanga bisi. Anayeweza kujibu swali hili la pili pengine yupo nyumbani kwetu, ameketi ukumbini na upande wake wa kusuka, akingoja aulizwe. Tumwulize kabla jino halijawa ndilo tarehe pekee iliyobaki.