Tuhesabu ndoo, tusihesabu mikia

Mwaka 1902, mjini Hanoi, Wafaransa waliokuwa wakitawala Vietnam waliogopa tauni. Panya walizaliana kwenye mifereji ya maji machafu iliyojengwa na serikali yenyewe, wakapanda mpaka majumbani. Serikali ikalipa pesa kwa kila mkia wa panya. Mikia ikaletwa kwa maelfu. Kumbe watu walikata mkia tu, panya wakamwachia akazae tena! Wengine wakafuga kabisa.

Hapa Nyarugusu tuko tangu 1996, na panya bado anakula posho pamoja na sisi. Ua kumi leo. Kama unga uko chini kwenye gunia, kesho wanakuja wengine. Basi ndugu zangu, na ninyi wa mashirika, tuhesabu nyumba zenye ndoo ya mfuniko.