Kimea: Kutoka Mtungi wa Pombe hadi Bakuli la Mtoto

Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg walichapisha makala kuhusu jambo ambalo wapika pombe wa vijijini Tanzania walikuwa wakilijua tangu enzi za mababu: kimea, yaani unga wa nafaka iliyochipushwa, hulainisha uji mzito. Jipya lilikuwa mlaji. Watafiti hao walimlenga mtoto anayeanzishiwa chakula.

Unga wa mahindi au mtama ukichemka hunywa maji na kuvimba. Mama akitaka uji unaomezeka huongeza maji, na kila anapoongeza, chakula ndani ya kikombe kinapungua. Tumbo la mtoto wa miezi saba ni dogo, hujaa kabla mwili haujapata haki yake. Basi mtoto anashiba kila siku na bado anakonda, halafu majirani wananong'ona kuwa amebemendwa. Ni wazazi wangapi walisingiziwa ufuska kwa kosa la uji mwepesi!

Kimea kilitibu hilo kwa njia rahisi. Ulezi unalowekwa, unafunikwa siku mbili tatu hadi uchipue, unaanikwa, unasagwa. Kuchipua huamsha vimeng'enya vinavyokatakata wanga. Kijiko kimoja kikikorogwa kwenye uji mzito uliokwisha kupoa kidogo, uji unalainika kwa dakika chache bila kuongezwa maji, kisha unarudishwa motoni uchemke tena. Mtama nao hufaa, ila machipukizi yake yana sumu ya sianidi, lazima yapukutwe kabla ya kusaga. Ulezi hauna usumbufu huo.

Wazungu nao walipita njia hiyo. Mwaka 1865 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alitangaza supu ya watoto wachanga iliyotiwa unga wa kimea, kwa sababu ileile ya kuvunja wanga. Supu hiyo ikawa bidhaa ya dukani. Huku kwetu kimea kilikuwa tayari jikoni, kikisubiri Jumamosi ya pombe.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikichukua na kukipeleka vijijini. Uwanja mkubwa wa lishe ya watoto miaka ile ulikuwa Iringa, ambako mpango wa WHO na UNICEF, kwa fedha za Italia, ulianza katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito na matokeo yakajadiliwa na kijiji chenyewe. Hapo likajitokeza jambo ambalo kimea peke yake hakingelimaliza: mama yuko shambani tangu alfajiri, na mtoto anakula mara mbili tu kwa siku. Vikaanzishwa vituo vya kulishia watoto. Mpango ulipoanza, zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na uzito pungufu. Miaka michache baadaye walikuwa chini ya asilimia 40.

Miaka ya 1990 ikaja zamu ya togwa, uji unaochachushwa kwa kimea. Mtafiti Rose Kingamkono na wenzake waliona kwamba watoto waliolishwa uji huo walikuwa na vimelea vichache vya kuharisha kwenye choo chao. Bibi zetu hawakuhitaji maabara kulijua tumbo lililotulia.

Leo sokoni anayetamba ni unga wa lishe: mahindi, mchele, soya, karanga, ulezi, wakati mwingine na dagaa, vyote gunia moja. Siupendi. Soya na mchele haviivi kwa muda mmoja, na karanga au mahindi yaliyovunda yakishasagwa hakuna anayeyaona. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na mahindi ndiyo yaliyoibeba.

Wauguzi wa kliniki, mnapomwambia mama amwanzishie mwanawe chakula akitimiza miezi sita, mwelezeni pia uji uwe mzito kiasi gani. Na kama kwao ulezi upo, mwonyesheni namna ya kuuchipusha.