Bilauri Ivunjwayo Arusini

Miongoni mwa desturi za Mayahudi ambazo walimu huulizwa habari zake mara nyingi ni ile ya kuvunja bilauri siku ya arusi. Baraka zikiisha kusomwa chini ya kitambaa kilichotandwa juu ya nguzo nne, bwana arusi huwekewa bilauri iliyofungwa katika kitambaa, naye huikanyaga hata ivunjike, na watu wote hushangilia. Wengi hudhani kwamba jambo hili limeamriwa katika Torati. Sivyo. Hakuna kitabu cha Musa kitajacho bilauri arusini. Asili yake ni ya baadaye.

Habari ya kwanza yapatikana katika Talmudi ya Babeli. Mwalimu mmoja, Mar mwana wa Ravina, alimfanyia mwanawe karamu ya arusi. Alipoona wenzake wamezidi mno katika furaha, alileta kikombe cha thamani ya zuzi 400, akakivunja mbele yao. Nao wakanyamaza kwa huzuni. Thamani hiyo si ndogo. Katika sheria zao, haki ya mke mwanamwali iliyoandikwa katika hati ya ndoa ilikuwa zuzi 200; basi kikombe kile kilikuwa sawa na haki za wake wawili. Rav Ashi, aliyefariki yapata mwaka 427, alifanya vivyo hivyo kwa kikombe cha kioo cheupe, kitu adimu katika siku zile. Tena tuangalie: aliyevunja alikuwa mzazi mwenye karamu, wala si bwana arusi.

Katika karne ya 12 na ya 13, wafasiri wa Talmudi katika Ufaransa na Ujerumani waliandika kwamba desturi ya arusini ilitoka katika habari hiyo. Baadaye maana ya pili iliongezwa: ukumbusho wa hekalu la Yerusalemi, lililobomolewa na Warumi mwaka 70, ili hata siku ya furaha kuu msiba ule usisahauliwe. Maana hii ndiyo ijulikanayo zaidi leo.

Je, ni chombo gani kilichochaguliwa? Hapa wataalamu wao walipima sana. Arusi ya Kiyahudi ina vikombe viwili vya divai, kimoja cha baraka ya uposo na kimoja cha baraka za ndoa. Moshe Isserles wa Kraków, aliyefariki mwaka 1572, aliandika kwamba katika nchi zake bwana arusi huvunja kile cha uposo. Tena, mapatano ya uchumba yanapoandikwa, wengi wao huvunja sahani ya udongo. Lakini siku ya ndoa huvunja kioo. Sababu waitoayo ni hii: udongo uliochomwa ukivunjika haurudi tena, na ahadi ya uchumba nayo haifai kuvunjwa, bali kioo kilichovunjika chaweza kuyeyushwa na kufanywa chombo kipya, hata wana wa ndoa wakikosana waweza kupatanishwa. Siku hizi huchaguliwa bilauri nyembamba isiyo ya gharama, ipate kuvunjika mara moja, na kitambaa huzuia vipande visimchome mtu.

Sababu hiyo ya udongo na kioo si ngeni kwa mtu wa Dar es Salaam. Huko Chang'ombe, katika Temeke, kiko kiwanda cha chupa, na vipande vya chupa zilizovunjika huyeyushwa tanuruni vikawa chupa tena. Lakini kigae cha chungu, mfinyanzi hawezi kukirudisha kuwa udongo wa kufinyangwa.

Twaonya, hata hivyo, kwamba desturi zinazofanana kwa tendo si lazima zifanane kwa maana. Katika arusi za Wahindi wa Kigujarati, walio wenyeji wa mji huu tangu vizazi vingi, bwana arusi hukanyaga vyombo vidogo vya udongo mlangoni, kuonyesha kwamba atashinda vizuizi. Hapo hamna maombolezo. Kwa Kiswahili twasema msichana amevunja ungo, yaani amebaleghe. Na siku za mwisho za Shaabani Waislamu huvunja jungu, yaani hula karamu kabla ya kufunga. Katika maneno haya kuvunja ni kutoka hali moja na kuingia nyingine, si msiba. Nako Kunduchi, katika Kinondoni, wazee wa pwani walipamba makaburi kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa katika chokaa. Kwao chombo kizuri kilitumika katika msiba, bali kwa Mayahudi chombo huleta kumbukumbu ya msiba katikati ya furaha.

Mayahudi wa Afrika ya Mashariki wana shirika lao Nairobi tangu mwaka 1904, na wako Abayudaya karibu na Mbale, waliofuata dini hiyo pamoja na Semei Kakungulu tangu mwaka 1919. Basi desturi hii si ya vitabuni tu. Ni ya jirani zetu.

Nasi tutazamapo arusi za Kinondoni na Temeke, ambako michango hukusanywa kwa miezi na baadhi ya wazazi hubaki na deni baada ya ngoma kwisha, twaona kwamba tendo la Mar mwana wa Ravina lastahili kusimuliwa kwa wachumba wanaofundishwa. Asikwambie mtu kwamba alichukia furaha. Karamu ile aliiandaa yeye mwenyewe. Alitaka iwe na kipimo, naye alilipa gharama ya kipimo hicho kwa mali yake, asiwatoze wageni.