Uzi: Nani anaruhusiwa kuuliza kuhusu usalama wa taifa?

1/ Kila mjadala wa siasa ukikaza, kuna sentensi moja lazima itokee: "Hilo ni suala la usalama wa taifa, hatuwezi kulizungumzia hapa." Mtangazaji ananyamaza, watu wanahamia mada nyingine. Lakini kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni kulizungumzia: wahadhiri na watafiti wa sera za usalama. Leo tufuate historia ya kazi hiyo Kenya. Hakuna jina la mwanasiasa wala chama.

2/ Duniani, somo hili lilikua baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1947 Marekani ilipitisha sheria iliyounda Baraza la Usalama wa Taifa na shirika la ujasusi la CIA. Vyuo vikuu vikafuata, vikisoma makombora, nyuklia na Vita Baridi. Kilicholindwa ni dola. Mwananchi alichukuliwa kuwa salama mradi mpaka uko salama.

3/ Huku kwetu, neno hilo lilipitia mlango wa polisi. Mkoloni alitangaza hali ya hatari Oktoba 1952, na Special Branch ikawa jicho na sikio lake. Uhuru ukaja 1963, Special Branch ikabaki. Sheria ya mkoloni ya kulinda usalama wa umma nayo ikabaki, na marekebisho ya 1966 yakaruhusu mtu kuzuiliwa bila kesi.

4/ Kaskazini Mashariki mambo yalikuwa mazito zaidi. Hali ya hatari iliwekwa huko Desemba 1963, ikaondolewa 1991. Hesabu mwenyewe: karibu miaka 28. Halafu sheria ya 1970 ikazuia kesi kuhusu yale maafisa wa serikali walifanya wakati wa vita vya Shifta. Yaani hata korti ilifungiwa mlango. Sasa mtafiti angeingilia wapi?

5/ Mwaka 1982 ndio ulionyesha wazi msomi alikuwa anaonekanaje. Wahadhiri kadhaa walikamatwa, na hii ni kabla ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1. Mmoja wao, mwanahistoria Maina wa Kinyatti, aliyekuwa akikusanya habari za Mau Mau, alifungwa miaka 6 kwa kosa la kuwa na maandishi ya uchochezi. Baada ya Agosti 1, Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa.

6/ Hebu jiweke kwa viatu vya mhadhiri wa wakati huo. Una mshahara, una watoto, na hujui nani kati ya wanafunzi wako anaandika ripoti jioni. Utachagua kutafiti nini? Si lazima mtu akukataze. Wewe mwenyewe utaona ni afadhali uandike kuhusu vita vya nchi ya mbali. Hivyo ndivyo somo hufa bila kupigwa marufuku.

7/ Gharama yake ni hii. Februari 1984, wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, katika operesheni ya usalama. Wengi hawakurudi. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Wenyeji walijua ni zaidi sana, lakini nani angechunguza na kuandika? Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake 2013, iliikataa hesabu hiyo ya 57. Miaka 29 baadaye. Kuna wajane waliokuwa wamekwisha kuzeeka.

8/ Wakati huohuo nje, somo lenyewe lilikuwa linageuka. Mwaka 1994, ripoti ya shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, ilisema usalama si wa mpaka pekee, ni wa binadamu pia: chakula, afya, mazingira, kutoogopa. Nao wasomi waliohusishwa na Copenhagen, kama Barry Buzan na Ole Wæver, wakaleta hoja ambayo ingefaa kila mtazamaji wa TV aijue.

9/ Hoja yao kwa ufupi: jambo huwa "la usalama" pale mwenye mamlaka analitamka hivyo na watu wanakubali. Likishakubalika, linatolewa kwenye siasa za kawaida za kuulizana na kujibizana, na hatua za dharura zinaruhusiwa. Rudi usome tena ile sentensi ya namba 1. Umeona kazi yake?

10/ Kenya nayo ikafunguka polepole. Mageuzi ya 1997 yaliondoa kuzuiliwa bila kesi. Mwaka huohuo chuo cha juu cha ulinzi kikaanzishwa Karen, ambapo makanali na maafisa wakuu wa serikali hukaa darasa moja. Sheria ya 1998 ikaleta idara mpya ya ujasusi iliyotenganishwa na polisi. Na 2021, Chuo Kikuu cha Ulinzi cha Taifa kikapewa hati yake. Kumbe somo lililokuwa likitisha sasa lina digrii!

11/ Katiba ya 2010 ikasonga mbele zaidi. Kifungu cha 238 kinasema usalama wa taifa ni kulinda mipaka na mamlaka ya nchi, na pia watu, haki zao, uhuru wao na mali yao. Tena kinauweka usalama chini ya Katiba na Bunge. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kitaaluma na wa utafiti. Kwa hivyo mtafiti akiuliza swali, si ati anavunja sheria. Anaitumia.

12/ Lakini karatasi ni karatasi. Desemba 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, sheria za usalama zilirekebishwa harakaharaka. Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu 8, kikiwemo kimoja kilichobana uchapishaji wa habari na kingine kilichoweka kikomo cha idadi ya wakimbizi. Ugaidi ulikuwa wa kweli. Vifungu hivyo ndivyo vilikuwa na shida.

13/ Sasa tuwe wakweli: siri nyingine ni halali. Hakuna mhadhiri mwenye akili anayetaka kujua kikosi kitapita barabara gani kesho. Wanajeshi watakufa. Lakini siri ya aina hiyo ina tarehe ya kuisha. Mpango wa kesho ni siri. Hesabu ya mwaka juzi ni jambo jingine: wangapi walikufa, nani alitoa amri, pesa ziliendaje, tulijifunza nini. Hiyo ya pili ndiyo kazi ya mtafiti.

14/ Anayetaka kuziweka zote kwenye kapu moja aangalie mfano wa Uingereza. Faili za kikoloni kuhusu Kenya zilifichwa Hanslope Park kwa miongo. Zilijulikana 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau, ambapo wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett walisaidia kama wataalamu. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Ni usalama wa nani uliokuwa ukilindwa kwa kuzificha miaka 50 hivi?

15/ Pia tusiwapake wasomi mafuta. Kukaa karibu na wakubwa kuna utamu wake: semina, safari, kamati. Mhadhiri ambaye wanafunzi wake ni makanali anaweza kujifunza mengi kutoka kwao, na anaweza pia kuzoea kunyamaza ili aalikwe tena. Wa 1982 walinyamazishwa kwa pingu. Leo kadi ya mwaliko inaweza kufanya kazi hiyohiyo.

16/ Kwa hivyo, siku nyingine ukisikia "ni usalama wa taifa", uliza haya matatu:
– Ni mpango wa kesho au hesabu ya jana?
– Siri hii inaisha lini, na nani ataamua?
– Kama si hapa, ni wapi: kamati ya Bunge, korti, au chuo kikuu?

17/ Akijibu, mjadala uendelee. Akikosa jibu kwa yote matatu, basi ujue alichofunga ni maswali yako. Na Wagalla inatuonyesha maswali yaliyofungwa huchukua muda gani kufunguliwa.

Sambaza kwa yule wa grupu anayependa kumaliza mjadala kwa sentensi moja.