Kabla ya nyanya, samaki

Katika soko la Jabe, hapa Bwiza, Bujumbura, nyanya nyingine hufika zikiwa na madoa meupe kama chokaa. Mara nyingi hiyo ni Dithane, dawa ya ukungu. Hukaa juu ya ganda, kwa hiyo maji huondoa sehemu kubwa. Metalaksili, inayochanganywa nayo katika Ridomil, huingia ndani ya mmea. Hiyo haioshiki, wala huioni.

Lakini Bujumbura swali la dawa kwenye chakula halikuanzia kwenye nyanya. Lilianzia Ziwa Tanganyika. Tambarare ya Imbo ilikuwa shamba la pamba, chini ya kampuni ya COGERCO, na pamba kwa kawaida hupuliziwa dawa ya wadudu. Mvua ikinyesha, udongo wa mashamba hayo huishia mto Rusizi, nao Rusizi humwaga maji yake ziwani. Mwaka 1976 Hendrik Deelstra na wenzake walichapisha vipimo vya dawa za wadudu za jamii ya DDT katika samaki wa ziwa. Mwaka 2002 Manirakiza na wenzake walitoa vipimo vipya: DDT ilikuwa bado imo kwenye mafuta ya samaki, sangala akiwemo. Hawakupiga kelele za hatari. Walisema haijawa tishio la haraka, ila isiachwe bila usimamizi.

DDT ina ukaidi wake. Codex, chombo kilichoanzishwa na FAO na WHO mwaka 1963, bado kina kiwango cha juu cha mabaki ya DDT kwenye mafuta ya nyama: miligramu 5 kwa kilo. Si ruhusa ya kuipulizia mazao. Ni kwamba tu udongo haujaisahau.

Kwa upande wa sheria, Burundi ilitunga sheria ya kulinda mimea mwaka 1993, ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2018 ikapata sheria ya viuatilifu pekee. Kuhusu mabaki ya dawa, viwango vya Jumuiya kwa mboga na matunda huelekeza kwa Codex.

Na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, tukidhani kiwango ni mpaka wa sumu. Wataalamu huanza kwa kupima kinachobaki mkulima akifuata kibandiko: kipimo cha dawa, siku za kungoja kabla ya kuvuna. Ndipo wanauliza kama mtu anaweza kula kiasi hicho kila siku bila madhara. Hesabu yote imeegemea kibandiko, na mkulima mdogo aliyepimiwa dawa yake kwenye chupa ya soda hakupewa kibandiko chochote.